Kubadilisha Injini Iliyochoka ya Kigari cha Mtoto: Somo kutoka Gatsata

Utangulizi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta katika kurasa zake makala kuhusu ngeli za nomino, uambishaji, fasihi simulizi na mbinu za kufundisha. Mara hii tunawaletea makala ya aina nyingine kidogo. Tunakusudia kueleza namna injini ndogo iliyochoka inavyobadilishwa katika kigari cha mtoto, hatua kwa hatua, kama tulivyojifunza wenyewe hapa Kigali. Tuna sababu mbili za kufanya hivyo. Kwanza, kazi yenyewe ina faida kwa mzazi yeyote mwenye kigari cha aina hiyo, na hata kwa mwenye pampu ya maji au jenereta, kwa maana injini ni zilezile. Pili, kazi hiyo ilitupa somo la msamiati ambalo hatukulipata darasani, na ujinga wetu wa neno moja tu ulitugharimu siku nzima.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwenzetu mmoja katika idara ana mtoto wa miaka 11 mwenye kigari cha chuma kilichochomelewa na mafundi wa Gakinjiro, Gisozi. Kwa muda wa miaka mitatu kigari kilienda vizuri. Baadaye injini ikaanza kutoa moshi wa buluu, ikawa nzito kuwaka asubuhi, na kila kilipofika kwenye mwinuko kilipoteza nguvu. Siku moja ilizima katikati ya mwinuko. Kigari kikaanza kurudi nyuma, breki ikashindwa kukishika, na kilichokisimamisha ni ukuta wa uzio. Mtoto hakuumia. Hata hivyo, mama yake alikifungia stoo siku hiyohiyo, akasema hakitatoka mpaka aone kwa macho yake kwamba injini na breki vimeshughulikiwa. Mwenzetu alikuja idarani kuomba ushauri, nasi tukaamua kwenda naye gereji tukiwa na wanafunzi wanne wa somo la Kiswahili kwa Shughuli Maalumu, kila mmoja na daftari lake.

Kigari hiki ni kitu gani?

Kigari tunachokizungumzia, ambacho wengine hukiita gokati, ni fremu ya chuma yenye magurudumu manne madogo, kiti kimoja, usukani na injini nyuma ya dereva. Hakina kabati, hakina springi, na mara nyingi hakina gia. Historia yake si ndefu. Mwaka 1956, huko California nchini Marekani, Art Ingels akishirikiana na Lou Borelli alitengeneza kigari cha kwanza cha aina hii kwa kutumia injini ndogo iliyokusudiwa mashine ya kukatia nyasi. Tangu hapo utaratibu haujabadilika sana: anayetaka kutengeneza kigari huchukua injini iliyokusudiwa kazi nyingine, akaifunga kwenye fremu.

Hapa kwetu injini hiyo kwa kawaida ni ya mipigo minne, yenye silinda moja, inayopozwa kwa hewa, ya ukubwa wa sentimita za ujazo 160 hadi 200. Mfano unaojulikana zaidi ni Honda GX160, yenye sentimita za ujazo 163 na nguvu za farasi 4.8 inapozunguka mara 3,600 kwa dakika. Zipo pia nyingi zilizotengenezwa China kwa kufuata umbo hilohilo. Msomaji ameziona mara nyingi bila kuzitilia maanani: ndizo zinazovuta maji mashambani, zinazotetemesha zege kwenye majengo mapya, na zinazowasha taa dukani umeme unapokatika.

Je, injini imechoka kweli?

Kosa la kwanza wanalofanya wengi ni kuihukumu injini kabla ya kuipima. Si kila injini inayogoma imechoka. Fundi wetu wa Gatsata, mzee aliyejifunza kazi Bukavu kabla ya kuhamia Kigali, alitufundisha kuanza na vitu rahisi na vya bei nafuu.

Kitu cha kwanza ni kichujio cha hewa. Kikijaa vumbi, injini hukosa pumzi, hula petroli nyingi na kutoa moshi mweusi. Cha pili ni plagi, ambayo mafundi wa Kigali huiita buji. Hufunguliwa, husafishwa, na nafasi kati ya ncha zake hupimwa. Kwa injini hizi iwe milimita 0.7 hadi 0.8. Cha tatu ni kabureta. Petroli ikikaa miezi kadhaa bila kutumika huacha utando unaoziba vitundu vyake, na injini hukataa kuwaka ingawa ni nzima kabisa. Cha nne ni vali. Injini ikiwa baridi, nafasi ya vali ya kuingiza iwe milimita 0.15 na ya kutolea moshi milimita 0.20. Nafasi hiyo ikipotea, vali haifungi vizuri, mgandamizo huvuja, na mwenye mali hudhani silinda imekwisha.

Baada ya hayo ndipo dalili za uchovu wa kweli huangaliwa. Dalili hizo ni moshi wa buluu usiokoma hata injini ikishapata joto. Oili inayopungua kila baada ya matumizi machache ilhali hakuna panapovuja. Plagi inayolowa oili muda mfupi baada ya kusafishwa. Na mlio wa kugonga unaotoka ndani, si kwenye bolti za nje.

Kuna kipimo kimoja zaidi kisichohitaji kifaa cha bei kubwa. Plagi hufunguliwa, kijiko kimoja cha oili humiminwa ndani ya silinda, plagi hurudishwa, kisha kamba ya kuwashia huvutwa polepole. Ikiwa kamba imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa kabla ya oili, basi ringi za pistoni ndizo zilizolika, kwa kuwa oili imeziba nafasi zilizokuwa zikivujisha. Ikiwa hakuna tofauti, fundi huelekeza macho yake kwenye vali au gasketi. Tunaongeza tahadhari moja: injini nyingi za namna hii zina kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha ili kamba isiumize mkono. Kwa hiyo, kipimo hiki ni cha kulinganisha kabla na baada tu; hakitoi namba ya kuaminika.

Kwa upande wa kigari chetu, kamba ilikuwa nzito waziwazi baada ya oili. Fundi alipofungua kichwa cha silinda, mikwaruzo ilionekana hata kwa macho yetu sisi walimu. Silinda inaweza kuchongwa upya na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, lakini kwa injini ndogo gharama hiyo mara nyingi hukaribia bei ya injini nyingine. Uamuzi ukawa ni kubadilisha.

Kuchagua injini mpya, na kosa letu la neno moja

Hapa ndipo tulipokosea. Fundi alitutuma kutafuta injini, naye akabaki akishughulikia breki. Tulipokuwa njiani alitupigia simu, akauliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu: "Mwalimu, muti ya ile moteri iko sawa ao iko ya kuchongoka?" Tukacheka. Mmoja wetu akamjibu, "Mti gani tena, fundi? Sisi tunatafuta injini ya chuma." Naye akacheka, simu ikakatika. Tukanunua injini safi, iliyotumika kidogo, ya ukubwa uleule na rangi ileile, tukarudi nayo kwa furaha.

Fundi aliitazama mara moja tu, akatikisa kichwa. Injini hiyo ilikuwa imetolewa kwenye jenereta, na shafti yake ilikuwa imechongoka kama karoti. Klachi ya kigari ina tundu lililonyooka la milimita 19.05, yaani robo tatu ya inchi. Haiwezi kukaa juu ya shafti ya namna hiyo. "Nilikuuliza muti," akasema.

Kumbe "mti" ni shafti. Katika Kifaransa neno moja hutaja mti wa msituni na shafti ya mashine, na mafundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa huku wakizungumza Kiswahili walilitafsiri moja kwa moja. Sisi tulisikia neno tunalolifundisha mwaka wa kwanza katika ngeli ya U-I, tukaridhika na maana tuliyokuwa nayo, wala hatukuuliza. Muuzaji alikubali kuipokea injini ile siku iliyofuata. Tulichopoteza ni nauli, siku nzima, na uso wa mtoto aliyekuwa akisubiri nyumbani.

Ili msomaji asiyarudie makosa yetu, tunataja mambo anayopaswa kuyapima kabla ya kulipa:

1. Umbo la shafti. Iwe imenyooka, yenye kijifereji cha kupokea kabari ndogo ya chuma. Injini za jenereta huwa na shafti iliyochongoka, na baadhi ya zile za pampu za maji huwa na shafti yenye meno ya kukazia kama bolti. Zote hizo hazifai.

2. Unene wa shafti. Upimwe kwa kifaa cha kupimia unene, si kwa macho. Shafti ya milimita 20 na ya milimita 19.05 zinafanana sana mkononi, ila klachi ya moja haiingii kwenye nyingine.

3. Mwelekeo wa shafti. Iwe imelala, si ya kusimama kama ya mashine ya kukatia nyasi.

4. Upande inakozunguka. Injini hizi, mtu akiitazama shafti uso kwa uso, huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Kwa hiyo, cheni inapounganisha moja kwa moja, shafti itazame upande wa kushoto wa kigari. Ikitazama kulia, kigari kitarudi nyuma badala ya kwenda mbele.

5. Matundu ya chini. Yalingane na ya bamba la fremu, la sivyo bamba jipya litachomelewa.

Tatizo la milima ya Kigali

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba injini ileile haina nguvu ileile kila mahali. Kigali iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,500 katika sehemu nyingi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam, na injini isiyosukumiwa hewa kwa mashine hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Msomaji anayependa hesabu ataona kwamba nguvu za farasi 4.8 za pwani hubaki kama 4.0 zikifika kwetu.

Aidha, kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani hutoa petroli nyingi mno kwa hewa ya Kigali. Matokeo yake ni plagi kuwa nyeusi, moshi mweusi na mwendo mzito. Dawa yake ni kubadilisha kitundu kikuu cha petroli ndani ya kabureta na kuweka kidogo zaidi. Mwenye kufanya hivyo akumbuke kukirudisha cha awali iwapo atapeleka kigari chake sehemu za chini, kwa sababu huko injini itapata petroli kidogo kuliko inavyohitaji, itapata joto kupita kiasi na kuharibika.

Hatua za kufungua na kufunga

Kabla ya yote, injini iachwe ipoe. Kisha kofia ya plagi ichomolewe na kuwekwa mbali. Hatua hii hairukwi, kwa kuwa injini inaweza kuwaka kwa kuzungushwa na mkono tu, na vidole vikiwa kwenye cheni havitakuwa na muda wa kutoka.

Baada ya hapo bomba la petroli hufungwa na tangi humwagwa ndani ya dumu. Oili nayo humwagwa ndani ya chombo. Tunasisitiza neno chombo. Gatsata iko karibu na mto Nyabugogo na mabonde yake yenye majimaji, na oili inayomwagwa ardhini leo huingia kwenye maji kesho. Oili iliyotumika ikusanywe na kukabidhiwa wanaoipokea.

Kisha hufunguliwa waya wa mafuta, waya wa swichi ya kuzimia, kinga ya cheni, cheni yenyewe, na klachi. Klachi ya kigari haina pedali. Ndani yake mna vipande vinavyotanuka kwa kasi ya mzunguko. Injini ikifika karibu mizunguko 2,000 kwa dakika, vipande hivyo hushika kikombe cha nje na kigari huondoka. Mwisho kabisa ni bolti nne za chini. Ni vyema kupiga picha au kuchora kila kitu kilivyokaa kabla ya kukiondoa. Wanafunzi wetu walichora, na michoro hiyo ilitumika mara mbili siku hiyo.

Kufunga ni kufuata njia hiyo kwa kurudi nyuma, pamoja na mambo matatu ya kuangaliwa kwa makini.

La kwanza ni mstari wa cheni. Sproketi ya mbele na ya nyuma ziwe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Fundi aliweka rula ndefu ya chuma ubavuni mwa sproketi zote mbili. Ilipoacha nafasi upande mmoja, alisogeza injini. Cheni inayokwenda upande hukatika, na kabla ya kukatika hula meno.

La pili ni kulegea kwa cheni. Ikisukumwa kwa kidole katikati, icheze sentimita 1 hadi 1.5. Ikikazwa sana, beringi huumia; ikilegea sana, huruka. Matundu marefu kwenye bamba la injini husaidia kuirekebisha bila kuchomelea upya.

La tatu ni oili. Injini mpya kutoka kiwandani huuzwa bila oili ndani. Anayeivuta kamba kabla ya kuijaza anaweza kuiua kabla haijafanya kazi. Injini ya ukubwa huu huhitaji karibu lita 0.6, na oili ya daraja la 10W-30 inafaa. Hubadilishwa baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila baada ya saa 100 au miezi 6.

Meno ya sproketi na mwendo wa mtoto

Suala la mwendo ndilo lililoleta mjadala mrefu. Kigari chetu kilikuwa na sproketi ya meno 10 kwenye klachi na ya meno 60 kwenye ekseli, na matairi yenye kipenyo cha sentimita 30. Hesabu yake ni rahisi. Injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, ekseli huzunguka mara 600. Tairi husafiri karibu mita 0.94 kwa kila mzunguko, hivyo kigari huenda mita 564 kwa dakika, sawa na kilometa 34 kwa saa. Huo ni mwendo mkubwa kwa mtoto aliyekaa sentimita chache kutoka ardhini.

Baba wa mtoto alipendekeza injini izuiwe isipite mizunguko 2,400. Kwa hesabu hiyo mwendo ungeshuka hadi kilometa 23 kwa saa. Fundi alikataa. Alieleza kwamba katika mizunguko hiyo klachi imepita kidogo tu kiwango chake cha kushika, na kwenye mwinuko ingekuwa ikiteleza, ikipata joto na kuungua. Kwa maneno mengine, kigari kingerudia tabia yake ya kushindwa mlima, safari hii kikiwa na injini nzima.

Suluhisho lake lilikuwa kubadilisha sproketi ya nyuma kutoka meno 60 hadi 72, na kuiwekea injini kizuizi kwenye mizunguko 2,800. Msomaji akikokotoa ataona mwendo wa juu ukiwa karibu kilometa 22 kwa saa, lakini klachi ikiwa imeshika vizuri na nguvu ya kupandia ikiwa imeongezeka kwa moja ya tano. Kizuizi huwekwa kwenye skrubu ya waya wa mafuta. Kifaa cha ndani kinachosimamia mwendo, kile ambacho mafundi hukiita gavana, kisiondolewe kamwe. Wapo vijana wanaokiondoa ili kigari kikimbie zaidi, na injini ikipita kiwango chake inaweza kupasuka nyuma ya mgongo wa dereva.

Usalama kabla ya furaha

Injini mpya haifuti kosa la breki. Fundi alibadilisha bendi ya breki, akairefusha pedali ili mguu wa mtoto uifikie bila kunyooka, kisha akatufanya tukisukume kigari juu ya mwinuko wa gereji na kukiacha breki ikiwa imekanyagwa. Kilibaki pale kiliposimama. Mambo mengine aliyoyasisitiza ni haya: springi ya kurudisha waya wa mafuta iwe mpya, swichi ya kuzimia iwe mahali ambapo mtoto na mtu mzima wote wanaifikia, cheni na bomba la moshi viwe na kinga, mtoto avae helmeti, viatu vya kufunga na nguo zisizoning'inia, petroli ijazwe injini ikiwa imepoa, na injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Kigari hiki si cha barabarani. Hata katika Jumapili zile ambazo baadhi ya barabara za Kigali hufungwa ili watu watembee na kukimbia, utaratibu ulioanza mwaka 2016, barabara hufungwa kwa ajili ya miguu na baiskeli. Mahali pa kigari ni kiwanja kilichozungushiwa uzio, pasipo na watu wanaopita, na mtu mzima akiwa anatazama.

Kwa nini isiwe ya umeme?

Mwanafunzi mmoja aliuliza swali hili, nalo ni la haki. Pikipiki za umeme za Ampersand zilianza kubeba abiria Kigali mwaka 2019, na mwaka 2024 serikali ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya zitakazosajiliwa kubeba abiria jijini ziwe za umeme. Mota ya umeme haipotezi nguvu kwa sababu ya mwinuko kutoka baharini, haihitaji klachi, haina moshi, na nguvu yake ya kuvuta hupatikana tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Kwa milima yetu hizo ni sifa kubwa. Kinachozuia ni bei ya betri na haja ya kubadilisha sehemu kubwa ya fremu. Mwenzetu alikuwa tayari na klachi, cheni na tangi, kwa hiyo injini ya petroli ndiyo iliyokuwa ndani ya uwezo wake. Kwa anayeanza kigari kipya leo, tungemshauri apige hesabu za pande zote mbili.

Msamiati wa gereji

Kiswahili kimezungumzwa Kigali tangu mji huu ulipoanzishwa mwaka 1907, hasa katika mitaa ya Biryogo na Nyamirambo, na kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Hata hivyo, Kiswahili cha vitabuni na kile cha gereji bado havijakutana vya kutosha. Hapa tunatoa baadhi ya maneno yaliyokusanywa na wanafunzi wetu:

Injini: Kigali husikika zaidi moteri.
Plagi: buji. Mwanafunzi akumbuke kuwa katika Kinyarwanda neno hilohilo ni mshumaa.
Petroli: lisansi.
Breki: feri.
Dizeli: mazutu.
Shafti: mti, kama alivyotumia fundi wetu.

Hatusemi kwamba mwanafunzi aandike "mti wa moteri" katika mtihani. Tunasema kwamba mhitimu wetu atakayefanya kazi ya ukalimani, biashara au ualimu katika shule za ufundi atakutana na maneno haya, na akisahihisha kabla ya kuelewa atanunua injini ya jenereta kama sisi. Kuuliza si ujinga. Wahenga walikwisha kusema kwamba kuuliza si ujinga, na sisi tumelifundisha hilo kwa miaka mingi bila kulitii.

Hitimisho

Jioni ya siku ya pili injini ya pili, yenye mti mnyoofu, iliwaka kwa mvuto wa tatu. Iliachwa inguruma taratibu, ikakaguliwa kama kuna panapovuja, bolti zikakazwa tena. Mama wa mtoto alifika mwenyewe. Hakuuliza habari za meno wala mizunguko. Aliomba kigari kisimamishwe kwenye mwinuko mkali zaidi wa kiwanja, akakaa mwenyewe kwenye kiti, akakanyaga breki na kuhesabu hadi 20. Kisha akashuka, akampa mtoto helmeti.

Tunawashukuru mafundi wa Gatsata waliotupokea. Wasomaji wenye maneno mengine ya gereji kutoka Huye, Rubavu, Rusizi, Bujumbura, Goma au kwingineko tunawaomba wayalete idarani, pamoja na maelezo ya mahali yalikosikika, ili orodha hii ikue na itumike katika ufundishaji.